Mwantumu Alitoa Tisa

Mama yangu aliponipa kikombe cha mwarobaini nikakinywa chote bila kukunja uso, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka ghafla, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Nilikuwa na homa, si homa ya ajabu, ile ya kuumwa viungo tu. Mama, Mwantumu binti Kaoneka, hana imani na vidonge. Ana imani na majani ya mwarobaini anayoletewa na watu wanaopanda mlima kutoka Mombo. Anayachemsha mpaka maji yawe meusi, halafu anakaa mbele yako kama askari magereza akuone unavyomeza. Tangu utotoni nimeuogopa mwarobaini ule kuliko fimbo. Siku hiyo, pamoja na miaka yangu hamsini na miwili na cheo changu cha udaktari wa mimea, nilikuwa nimejiandaa kubishana naye walau kidogo, nilinde heshima.

"Kunywa, usinitolee macho," alisema.

Nikanywa. Yalikuwa maji ya moto.

"Mama, leo umesahau kutia majani?"

Ndipo alipocheka, akidhani namfanyia mzaha. Aliponiona sicheki, akachukua kikombe, akamimina kidogo kutoka kwenye sufuria, akagusa kwa ncha ya ulimi. Uso wote ukamkunjamana. Akatema mlangoni.

"Subhanallah! Haya yamechemka tangu alfajiri. We Stumai, ulimi wako umeuweka wapi?"

"Ni homa, mama. Homa inaua ladha."

"Homa inaua utamu. Uchungu homa inauongeza. Mgonjwa hata maji huyaona machungu. Nani alikupa udaktari wewe?"

Binti yangu Salha alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, miguu ameinyoosha kwa sababu ya tumbo la miezi saba. Mama akamgeukia. "Mke mwenzangu, hebu onja na wewe."

"Bibi nawe, unataka kuniua na mwanangu?" Lakini alionja, kwa kumridhisha mzee. Akaonja tena. "Mbona maji tu?"

Mama alituangalia mmoja baada ya mwingine, polepole, kikombe mkononi. "Nyinyi wawili mnakula ile mboga yako," aliniambia. "Mimi siili."

Ile mboga yangu. Kwemlelo nzima inaiita Tulizo, na mimi ndiye niliyeichorea ramani. Ni mnavu, mboga ya majani ambayo bibi zetu waliila na uchungu wake, isipokuwa Tulizo haina uchungu, na jua likiwaka miezi minane mfululizo inabaki kijani kibichi kama jana imenyeshewa. Baada ya Ukame Mkubwa, tulipozika watoto kumi na mmoja kijijini humu kwa msimu mmoja, Tulizo ndiyo iliyotusimamisha. Ikatungwa Sheria ya Mbegu Moja. Mbegu isiyo na ramani hairuhusiwi kupandwa, na wakaguzi hupita na vile vifaa vyao tunavyoviita visomaji, wakigusa jani moja moja mashambani. Nyuma ya jiko letu mama alikuwa na mashina saba ya mnavu wa kale, ameyafunika kwa magunia. Mimi, ofisa wa serikali, nilikuwa nikiyapita kila asubuhi nikitazama upande mwingine.

Sikulala vizuri. Sikuwaza ulimi wangu. Niliwaza mimba ya kwanza ya Salha, iliyotoka mwaka jana katikati ya kiangazi. Zahanati walisema ni mapenzi ya Mungu. Wanawake wengine wawili bondeni wametokwa na mimba tangu mvua zikatike, na wao wameambiwa hivyo hivyo.

*

Kesho yake homa ilikuwa bado inanitetemesha, lakini nilikwenda Kituo cha Mbegu, nikafungua kabati la kumbukumbu. Nilikuwa natafuta madaftari ya uonjaji, ya miaka kumi na minne iliyopita.

Nieleze kidogo, kwa sababu watu hudhani ramani ya mmea ni picha. Unachukua mnavu mchungu na mnavu mtamu, unawaozesha. Wanapata watoto, tuseme mia nne, na kila mtoto amerithi vipande huku na huku. Mashine inasoma vinasaba vya kila mtoto. Lakini mashine haijui uchungu. Haina kinywa. Ni lazima mtu aonje kila mtoto, aseme huyu mchungu, huyu mtamu. Halafu unauliza: hawa watamu wote wana kipande gani ambacho wachungu hawana? Ni kama kutafuta nyumba ya mtu usiyemjua kwa kuangalia anaongozana na nani kila jioni. Ukimwona na majirani wale wale mara mia, basi umejua mtaa wake.

Sisi tulimpata kwenye kromosomu ya saba. Na, kwa bahati iliyotufanya tucheze ngoma hapo hapo maabara, ukutani kwake alikuwa anakaa ustahimilivu wa ukame. Utamu na ukame, vyumba viwili vya nyumba moja. Ukimchukua huyu, yule anafuata.

Waonjaji walikuwa wanawake kumi na wawili wa Kwemlelo, watunza mbegu wote, mama yangu mmojawapo. Tuliwapa mnavu uliochemshwa bila chumvi. Unakula kijiko kimoja, unameza, unahesabu mpaka thelathini, unatoa alama: moja ni tamu, tisa ni nyongo. Kando ya kila mmoja tuliweka ndoo ya kutemea, ikiwa jani litakuwa la kutisha.

Sasa, kijijini kwetu mbegu haitoki mkono kwenda mkono hivi hivi. Anayetoa hutafuna jani la mmea mama mbele ya anayepokea, akalitema chini, ndipo anasema, "Chukua, ni salama." Ukilimeza hujaonja, umekula. Nimeyakuta hayo, nimeyaishi. Ila pale mbele ya wageni wenye makoti meupe, akina mama waliona haya. Nani ateme mate mbele ya madaktari? Wakameza. Siku ya kwanza hadi ya mwisho ndoo zile zilibaki kavu, na mimi, mjinga, niliandika kwenye daftari: *Nidhamu ya waonjaji ni nzuri sana.*

Nilifunua kurasa. Siku ya kwanza alama zimetawanyika vizuri: mbili, saba, tisa, nne. Siku ya pili, vivyo hivyo. Siku ya tatu wakapewa mtoto namba mia na tatu, ambaye ndiye baba wa Tulizo. Moja, moja, mbili, moja, moja. Na baada yake, kila kitu walichoonja, siku kumi na saba zilizobaki, kilikuwa moja au mbili. Hata mzazi mchungu mwenyewe, tuliyekuwa tukimrudia kila asubuhi kama kipimo, waliyempa tisa siku ya kwanza, sasa alikuwa anapata mbili. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Wamezoea.*

Wamezoea! Ningekuwa na kofi la kujipiga.

Lakini si hilo lililoniketisha sakafuni. Ni mstari wa nane. Mstari wa nane ulikuwa umekatwa kwa kalamu nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye mia na tatu, wenzake wote walipoandika moja, yeye aliandika tisa. Na kesho yake alimpa mzazi mchungu tisa, na keshokutwa tisa tena. Pembeni: *Mwonjaji namba nane anatema, hafuati maelekezo, hakubaliani na wenzake. Aondolewe.* Sahihi ni yangu. Mwonjaji namba nane ni Mwantumu binti Kaoneka, aliyenizaa.

Nilimkumbuka siku ile. Alitafuna, akatema, si kwenye ndoo, chini, mbele ya miguu ya Mkurugenzi, kama inavyopasa. Akasema, "Huyu ni nyongo." Nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto. Keshokutwa yake jioni nilimwambia asirudi.

Basi jani lile halikuwa tamu hata kidogo. Lilikuwa chungu kama mababu zake, ila lilikuwa na kitu ambacho ukikimeza kinazima ulimi. Hatukuwa tumechora ramani ya utamu. Tulichora ramani ya ulimi kufa.

*

Kwenye mnavu, uchungu na sumu ni kitu kimoja. Ndiyo maana Mungu aliweka uchungu. Niliipima Tulizo siku hiyo hiyo, majani niliyoyachuma uani mwa Kituo. Kiwango cha sumu kinachoruhusiwa ni miligramu ishirini kwa gramu mia. Mwanzoni, tulipoipima msimu wa mvua, ilisoma kumi na nane, tukashangilia. Sasa, baada ya miezi minane ya jua, mashine ilisoma sabini na nne. Nikarudia. Sabini na sita.

Mkurugenzi wetu, Elinami Mbwambo, ni Mpare wa Usangi, mtu wa utani mwingi na sauti ndogo. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama dirishani. Nje walikuwa wanapakia malori tisa. Siku iliyofuata Tulizo ilikuwa inakwenda mikoa tisa, na hakuna mbegu inayotoka bila gumba la mchora ramani kwenye kisomaji. Gumba ndiyo kiapo. Gumba lilikuwa langu.

"Unakumbuka tulivyoandika kwenye kijitabu?" aliniuliza. "*Haishambuliwi na mbuzi.*"

"Nakumbuka."

"Tukaiweka kama sifa." Akakunja karatasi mara mbili. "Mbuzi wametushinda akili, Dada Stumai."

"Tuzuie malori, Mkurugenzi. Tuwaambie watu."

"Tuwaambie nini? Wang'oe?" Hakupaza sauti. "Haya, wameng'oa. Kesho wanakula nini? Niambie mmea mmoja, mmoja tu, uliosimama huko nje zaidi ya huu."

Nilitazama dirishani; kijani chote kilichosimama kilikuwa Tulizo.

"Mwaka ule wa Ukame nilimzika mwanangu Nakunda," alisema. "Ana miaka minne. Nilikuwa na njaa kiasi kwamba kulia kulinishinda. Nasimama kaburini nawaza kama kutakuwa na ugali baadaye. Usiniulize mimi kuchagua kati ya sumu kidogo kidogo na ile njaa. Nimeshachagua."

"Si kidogo kidogo. Kiangazi hiki ni mara nne. Na inaanza na wajawazito."

Aligeuka akatazama malori. Nikajua amemkumbuka Salha, kwa sababu alikuja kwenye harusi yake na kucheza mpaka koti likachanika.

"Weka gumba kesho," alisema mwishowe. "Nakuahidi, keshokutwa tunaanza kuvitenganisha vile vyumba viwili. Miaka saba tutakuwa na mnavu wa ukame usioua ulimi. Na Salha," akaenda kwenye banda la vioo, akarudi na kabichi mbili zilizonyeshewa maji ya mashine, "Salha ale hizi. Kila wiki nitakupa mbili."

Nilizichukua. Nasema kweli, nilizichukua, nikazifunga kwenye kanga ili watu wasizione njiani. Nilifika nyumbani nikaziweka mezani, na kwa mara ya kwanza tangu jana moyo ulinitulia.

Mama alizitazama, asiziguse. Nilimweleza yote, hata mstari wa nane. Nilitegemea atanitukana. Hakunitukana.

"Zaina, mke wa Shebughe hapo jirani, ana mimba ya miezi minne," alisema. "Kabichi zake ziko wapi?"

Nikasema sijui.

"Basi hizi ni za wizi," alisema mama, akaenda kukoka moto.

*

Kituo kilikuwa kimeichukua mila ya kutafuna jani na kuifanya sherehe. Kila mbegu ikitoka, mgeni rasmi hutafuna Tulizo mbele ya watu, anameza, anatabasamu, kigelegele kinapigwa. Uani paliwekwa turubai. Wakulima walikaa kwenye mikeka, akina mama mbele. Nyuma ya turubai, kwenye mti wa mkungu uliokauka, alifungwa beberu mkubwa wa karamu, na mchinjaji alikuwa tayari ananoa kisu.

Nilimwomba Mkurugenzi mbele za watu kwamba safari hii anayetafuna awe mtunza mbegu mkongwe kuliko wote. Watu wakapiga makofi. Angekataaje? Alinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akiruka ukuta.

Mama alipanda jukwaani na bakora yake, kanga mbili mpya. Akachukua jani, akatafuna. Kisha akatema chini, karibu na viatu vya Mkurugenzi, mahali pale pale pa miaka kumi na minne iliyopita.

"Nyongo," alisema.

Watu wakacheka. Mama yake Zaina akapaza sauti kutoka mkekani: "Dada Mwantumu, uzee umekufika ulimini! Mboga ya asali hiyo!"

"Asali eeh?"

"Asali kabisa!"

Mama akashuka. Nilidhani amekasirika anakwenda zake. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya turubai, tawi la Tulizo mkononi, watu wote wakigeuza shingo kumfuata, na akasimama mbele ya beberu. Akamsogezea tawi puani. Beberu akanusa, akageuza kichwa. Mama akazunguka, akamsogezea upande ule. Beberu akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaba. Mama akainama, akaokota kipande cha boksi kilichotupwa na wapakiaji, akampa. Beberu akala boksi.

Watu walicheka sana. Mimi mwenyewe nilicheka.

"Mnamwona huyu?" mama alisema akiwaangalia, na hakucheka. "Amebakiwa na saa moja ya kuishi. Hana la kupoteza. Na bado hataki."

Kicheko kikaisha kwa vipande, huku na huku, mpaka ikabaki sauti ya kisu kwenye jiwe, kisha na hiyo ikakoma. Mama yake Zaina alikuwa ameshika mkono wa binti yake. Salha, mstari wa pili, alikuwa ameweka viganja viwili juu ya tumbo.

Mkurugenzi alinisogezea kisomaji. "Dada Stumai," alisema kwa sauti ya chini, "fikiria."

Nilikunja gumba ndani ya ngumi, nikachukua kipaza sauti. Nikawaambia yote: daftari, ndoo kavu, sabini na nne, mimba. Nikawaambia na kabichi mbili, kwa sababu ningeziacha zingenikaa kooni mpaka kufa. Hakuna aliyenirushia jiwe. Mwanamke mmoja tu alisimama, mmoja wa wale wawili waliotokwa na mimba, akauliza kwa utaratibu kabisa: "Sasa, Dokta, leo jioni tunakula nini?"

*

Watu wa Tume ya Mbegu walikuja baada ya siku mbili. Wakafunga maabara kwa kufuli, wakachukua mashine ya kupimia sumu kuwa ushahidi, wakafuta gumba langu. Malori yalirudi yalikotoka na mizigo yao, bila kwenda mikoani. Hakuna aliyetuletea kitu cha kula.

Ikabidi turudi kwa bibi zetu. Wao walikuwa wakichemsha mnavu, wanamwaga maji, wanachemsha tena, mpaka uchungu utoke. Uchungu ukitoka, sumu imetoka nayo. Lakini ni mwanamke gani Kwemlelo angejua kwamba umetoka? Mwingine anamwaga mara mbili, mwingine mara tano, wote wanaonja, wote wanasema tamu. Tulipimaje? Mbuzi hawakufaa, maana mbuzi akishakula kidogo tu naye ulimi unazima, kesho anakula chochote.

Ulimi ulikuwa mmoja.

Mama alianza siku ile ile. Asubuhi mpaka mchana alizunguka na bakora na kijiko cha mti, nyumba kwa nyumba, sufuria kwa sufuria. Anachota, anatafuna, anatema. "Bado. Mwaga tena." Anakaa, anangoja, anaonja tena. "Sasa. Pakua." Ikawa ndiyo salamu ya kijiji, badala ya habari za asubuhi: Mwantumu kapita? Siku ya kwanza sufuria kumi na nne. Wiki ya pili watu wa bonde la pili wakaanza kubeba sufuria zao vichwani kumfuata, zikafika arobaini, hamsini. Nilimwambia apumzike, hata anayetema humeza kidogo. Aliniuliza kama nimepata ulimi wa kumpokea. Sikuwa nao, ingawa nilikuwa nimeacha Tulizo kabisa, nakula ugali na chumvi, na kila asubuhi naonja mwarobaini nikiomba Mungu uwe mchungu. Kila asubuhi ulikuwa maji.

Wajawazito aliwaonjea kwanza. Zaina akapata rangi usoni. Salha aliacha kuumwa kichwa, tumbo likashuka vizuri, mkunga akasema zimebaki wiki chache. Nyumbani tukaanza kutaniana tena. "Mke mwenzangu," mama alimwambia, "ukizaa wa kike ni Mwantumu, ukizaa wa kiume naye ni Mwantumu."

Siku ya thelathini na moja alirudi saa saba mchana akiburuta bakora. Alikuwa ameanzia kwa Salha kama kawaida, akaonja mara moja, akasema pakua, akaendelea na sufuria za watu. Sasa alikuwa anatetemeka na viungo vinamuuma. Nikamlaza kitandani, nikamfunika kwa blanketi.

"Leo zamu yako kunywa," nilimwambia. Nilikuwa nimechemsha majani tangu alfajiri, maji meusi tii. Nikamimina kikombe kikajaa, nikakaa mbele yake kama askari magereza, nikisubiri uso ukunjamane, nimcheke walau mara moja maishani.

Alikunywa taratibu, mpaka tone la mwisho. Akafuta midomo kwa pembe ya kanga, akanirudishia kikombe.

"Leo umetia sukari?" aliuliza.

Niliangusha kikombe nikakimbilia nje. Salha alikuwa barazani, bakuli mapajani, anafuta mchuzi wa mwisho kwa tonge la ugali.

"Mama, bibi kakwambia?" alisema akitabasamu. "Wiki nzima hii mboga yangu inaiva kwa maji ya kwanza tu." Na akatia tonge mdomoni.